Bei ya Mchezaji: Mwongozo kwa Klabu na Wazazi wa Mpakani

Julai 2013, Southampton ya Uingereza iliilipa Celtic ya Scotland pauni milioni 12.5 ili imchukue Mkenya Victor Wanyama, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 22. Miaka miwili kabla ya hapo, Celtic ilikuwa imemnunua kutoka Beerschot ya Ubelgiji kwa pauni 900,000. Juni 2016 Southampton nayo ikamuuza kwa Tottenham, safari hii kwa pauni milioni 11. Kiungo huyo alikuwa amebakiza siku chache afikishe miaka 25, umri ambao wachezaji wengi wako katika ubora wao, na alikuwa amecheza misimu mitatu katika ligi ngumu kuliko ile aliyotoka. Mbona bei ikashuka badala ya kupanda?

Jibu lilikuwa kwenye karatasi. Mkataba aliotia saini mwaka 2013 ulikuwa wa miaka minne, kwa hiyo kufikia Juni 2016 ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu. Kama Southampton ingekataa kuuza, mwaka uliofuata Wanyama angeweza kuondoka bila klabu hiyo kupata hata senti moja. Tottenham ilijua hivyo, Southampton ilijua hivyo, na bei ikakaa mahali ambapo pande zote mbili zilijua itakaa.

Huku mpakani hesabu ya namna hiyo hufanywa mara chache. Kijana akifunga mabao matatu Jumapili, iwe Busia, Tororo, Majanji au Buhehe, Jumatatu kila mtu ana bei yake mdomoni: kocha ana yake, mjomba ana yake, na mgeni aliyekuja na gari la kukodi ana yake ya chini kuliko zote. Mara nyingi anayeshinda ni huyo mgeni, kwa sababu ndiye pekee aliyekuja na hesabu. Mwongozo huu unakuonyesha vitu anavyovipima, ili nawe uvipime kabla hajafika.

Anza na umri, na umri uthibitishwe

Mnunuzi hanunui mabao yaliyokwisha kufungwa. Ananunua miaka ijayo, pamoja na nafasi ya kumuuza tena mchezaji huyo. Ndiyo maana kijana wa miaka 19 mwenye uwezo wa wastani anaweza kuwa na bei kubwa kuliko mshambuliaji hodari wa miaka 30. Kwa wachezaji wasio makipa, miaka 18 hadi 23 ndiyo yenye thamani kubwa ya kuuzika tena. Kuanzia 24 hadi 28 mnunuzi analipia kazi ya sasa hivi. Baada ya 30 analipia uzoefu, na mara nyingi anataka kuupata bila ada ya uhamisho.

Makipa wana kalenda yao. Denis Onyango wa Uganda alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns mwaka 2016 akiwa na miaka 31, na kwa msimu huo CAF ikamtangaza mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani Afrika. Kwa hiyo usimpigie kipa wa miaka 27 hesabu unayompigia winga wa umri huo. Kipa huyo anaweza kuwa na miaka minane mizuri mbele yake.

Umri usiothibitishwa hauna bei, na hapo ndipo mpaka unapowaumiza vijana wetu. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile, na majina ni yale yale: Wanyama, Ouma, Barasa, Wandera. Si ajabu mtoto azaliwe Masafu upande wa Uganda, alelewe kwa shangazi yake Funyula upande wa Kenya, kisha arudi kusoma sekondari Tororo. Njiani anakusanya cheti cha kuzaliwa cha huku, kadi ya kliniki ya kule, na fomu ya shule yenye mwaka mwingine kabisa. Siku klabu ya nje inapoomba nakala za hati, tarehe mbili tofauti zinatosha kuua mpango mzima. Kumpunguzia umri ni kumharibia zaidi: tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kuwabaini waliozidi umri. Mzazi, chagua jina moja na tarehe moja, ile ya kweli, na uhakikishe hati zote zinasema hivyo kabla kijana hajafika miaka 15.

Hesabu dakika, kisha uliza ni ligi gani

Mabao bila idadi ya dakika na bila jina la ligi hayamwambii mnunuzi kitu. Mfano mzuri ni Michael Olunga. Mwaka 2019 alifunga mabao 27 akiwa na Kashiwa Reysol katika daraja la pili la Japani. Manane kati ya hayo aliyafunga katika mechi moja, ile ya kufunga msimu dhidi ya Kyoto Sanga iliyoisha 13-1. Mtathmini makini aliyaweka kando yale manane akatazama 19 yaliyobaki: bado ni idadi nzuri kwa msimu, lakini ya daraja la pili. Swali likawa, je, ataweza juu? Mwaka 2020 Kashiwa ilikuwa imepanda, na Olunga akafunga mabao 28 katika daraja la kwanza, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Januari 2021 Al-Duhail ya Qatar ikamchukua. Thamani yake ilijengwa na msimu ule wa pili, uliothibitisha ule wa kwanza.

Mbwana Samatta alipanda ngazi hizo hizo kwa njia ndefu zaidi. Alitoka Simba ya Dar es Salaam akaenda TP Mazembe mwaka 2011, kisha Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi huku Genk ikitwaa ubingwa. Aston Villa ilipomchukua Januari 2020 alikuwa na miaka 27, na alikuwa amekwisha kuthibitishwa katika ngazi tatu, moja juu ya nyingine.

Kwa kijana wa hapa ngazi ni mashindano ya shule, ligi ya wilaya au kaunti, ligi ya mkoa, kisha madaraja ya taifa. Mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambayo Agosti 2024 yalifanyika Bukedea, si mbali na Tororo, yana thamani ya pekee kwa sababu Mganda, Mkenya, Mtanzania na Mnyarwanda hupimwa kwenye uwanja mmoja. Dakika 300 alizocheza huko zina uzito kuliko mabao 20 ya bonanza la Krismasi.

Ili hayo yote yawe na maana, daftari linahitajika. Kila ukurasa uwe wa mechi moja: tarehe, mashindano, mpinzani, uwanja, matokeo. Chini yake orodha ya wachezaji, na mbele ya kila jina safu tano: dakika aliyoingia, dakika aliyotoka, nafasi aliyocheza, mabao na pasi za mabao, kadi na majeraha. Mwisho wa ukurasa mwamuzi na nahodha wa timu pinzani waweke sahihi. Kazi hiyo haizidi robo saa. Baada ya misimu miwili, kocha mwenye daftari la namna hiyo hana haja ya kumsifu mchezaji wake, kwa sababu anafungua tu ukurasa.

Nafasi anayocheza

Mabao yanalipwa kuliko kazi nyingine zote uwanjani, na hilo halitabadilika karibuni. Lakini uadimu nao una bei. Beki wa kushoto anayetumia kweli mguu wa kushoto hapatikani kila mahali. Kiungo mkabaji mwenye nguvu na nidhamu anatafutwa daima, na Khalid Aucho wa Uganda ni ushahidi: ameichezea Tusker na Gor Mahia nchini Kenya, akapita Afrika Kusini, Serbia, India na Misri, na mwaka 2021 akatua Yanga ya Dar es Salaam, bila kuwa mtu wa mabao. Ukiwa na vijana wawili wa uwezo sawa, jiulize kila mmoja ana washindani wangapi wa nafasi yake katika wilaya nzima. Mwenye wachache ndiye ghali.

Mkataba ndio unaoshika bei

Mchezaji asiye na mkataba wa maandishi hana ada ya uhamisho. Anaweza kuwa na kipaji kikubwa, jezi yako na viatu ulivyomnunulia, lakini akiamua kuondoka anaondoka.

Mkataba nao husomwa kwa mambo matatu: umebakiza muda gani, mshahara ni kiasi gani, na kuna kifungu gani cha kuuvunja. Sakata la Feisal Salum ni somo zima. Desemba 2022 kiungo huyo Mzanzibari aliiwekea Yanga shilingi milioni 112 za Tanzania, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akitegemea kifungu kilichokuwa kwenye mkataba wake. Yanga ilikataa, na kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje kwa miezi. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliitaka klabu imalize suala hilo, na Juni 2023 Feisal akahamia Azam kwa makubaliano. Kifungu kimoja kilichosomwa kwa namna mbili kilimnyima mchezaji nusu msimu, na Yanga ikamkosa mtu wake. Unapoandika kiasi cha kuvunja mkataba, andika pia nani anaweza kukitumia, lini, na kwa notisi ya muda gani.

Kisheria, mchezaji wa chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, na wa watu wazima kwa kawaida hauzidi mitano. Miezi sita ya mwisho mchezaji yuko huru kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Kwa hiyo ukiona kijana wako amebakiza miezi 18, wakati wa kuongeza mkataba au kuuza ni huo.

Kubadilishana mchezaji kwa mchezaji

Klabu nyingi ndogo hazina fedha, basi hubadilishana: nipe beki wako, chukua winga wangu na kidogo juu. Mabingwa wa biashara hiyo ni klabu za hoki ya barafu za Amerika ya Kaskazini. Agosti 9, 1988, Edmonton Oilers walimpeleka Wayne Gretzky, nyota mkubwa kuliko wote wa mchezo huo, kwa Los Angeles Kings pamoja na wenzake wawili. Wakapokea wachezaji wawili vijana, Jimmy Carson na Martin Gélinas, haki za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza katika miaka mitatu tofauti, na dola milioni 15. Mashabiki walilia, lakini mwaka 1990 Oilers wakatwaa Kombe la Stanley bila Gretzky. Waliouza walipima kifurushi kizima: umri wa wanaokuja, haki za baadaye na fedha taslimu.

Pima nawe hivyo, huku ukikumbuka tofauti moja kubwa. Katika hoki hiyo klabu inaweza kumbadilisha mchezaji bila kumuuliza, isipokuwa mkataba wake unakataza. Katika soka mchezaji lazima akubali na asaini mkataba mpya. Viongozi wawili waliokubaliana kwenye kibanda cha chai bila wachezaji wao kuwepo hawajakubaliana chochote.

Kwa kila upande wa mabadilishano andika umri, miezi iliyobaki kwenye mkataba, mshahara na majeraha. Kisha dai kitu ambacho klabu ndogo husahau: asilimia ya mauzo yajayo. Kama unamtoa kijana wa miaka 18 kwa beki wa miaka 28 anayekufaa leo, asilimia 15 au 20 ya mauzo yake yajayo inaweza kuwa na thamani kuliko beki mwenyewe.

Bei iliyotajwa na bei iliyolipwa

Januari 2013 Simba ilimuuza Mganda Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, bei iliyotikisa magazeti ya Dar es Salaam na Kampala. Fedha hazikufika kwa wakati. Okwi naye akaingia kwenye mgogoro na klabu hiyo, akarudi kuchezea SC Villa ya Uganda, na kufikia Desemba mwaka huo alikuwa amesajiliwa na Yanga, mahasimu wa Simba, huku Simba ikiendelea kudai haki yake FIFA.

Ukiletewa ofa mbili, dola 10,000 zinazolipwa siku ya kusaini na dola 18,000 kwa awamu nne, usikimbilie kubwa. Uliza awamu ya kwanza ni lini, nini kitatokea ikichelewa, na kama klabu hiyo ina historia ya kulipa. Taja pia sarafu kwa jina kamili. Hapa kwetu neno shilingi pekee ni mwanzo wa ugomvi, maana shilingi ya Kenya na ya Uganda zinatofautiana thamani mara nyingi.

Chini ya miaka 18: kanuni inayotuhusu sisi

FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18. Lakini kuna msamaha ulioandikwa kwa ajili ya watu wa mpakani. Kijana anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani ikiwa nyumbani kwao si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, klabu nayo si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, na kati ya nyumba na klabu hakuzidi kilomita 100. Lazima aendelee kuishi kwao, na vyama vya soka vyote viwili, hapa FUFA ya Uganda na FKF ya Kenya, vitoe idhini.

Kwa kijana wa Buhehe hilo linaifungua klabu ya Busia ya Kenya, ya Mumias au ya Bungoma. Haliifungui ya Kakamega, Kisumu wala Nairobi. Mtu akikuambia anampeleka mtoto wako wa miaka 16 kulala katika hosteli ya klabu jijini Nairobi na kwamba usajili ni suala la wiki moja, muulize anatumia kanuni gani.

Pesa ya waliomlea

Kuna fedha mbili ambazo klabu ya kijijini inastahili hata kama haikumuuza mchezaji yenyewe.

Ya kwanza ni malipo ya mshikamano. Mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia tano ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 hupata asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa 16 hadi 23 hupata asilimia 0.5. Katika ile ada ya Wanyama ya mwaka 2013, msimu mmoja wa kumlea akiwa na miaka 14 ulikuwa na thamani ya pauni 31,250. Mauzo ya 2016 yalikuwa kati ya klabu mbili za Uingereza, na wakati huo kanuni haikuyagusa. Tangu Julai 2020 inayagusa pia mauzo ya ndani ikiwa mchezaji alilelewa nchi nyingine.

Ya pili ni fidia ya mafunzo, inayolipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, na katika kila uhamisho wa kimataifa hadi anapofika miaka 23. Viwango hufuata daraja la klabu inayomchukua. Barani Afrika, klabu ya daraja la tatu la FIFA hulipa dola 10,000 kwa msimu, na misimu ya miaka 12 hadi 15 huhesabiwa kwa dola 2,000. Klabu ya daraja la nne hailipi. Tuseme kijana alilelewa Buhehe misimu miwili akiwa na miaka 14 na 15, kisha Tororo misimu mitatu hadi 18, halafu akasaini moja kwa moja na klabu ya daraja la tatu katika nchi nyingine ya Afrika. Buhehe inadai dola 4,000, Tororo dola 30,000. Fidia hii haihusu soka la wanawake, lakini malipo ya mshikamano yanawahusu, kwa hiyo wasajili wasichana wako kwa uangalifu ule ule.

Tangu Novemba 2022 fedha hizi hupitia ofisi maalumu ya FIFA jijini Paris, na mgawo hufanywa kwa kusoma historia ya usajili ya mchezaji katika mfumo wa kielektroniki. Klabu isiyokuwa na jina kwenye mfumo huo inaweza kuwa ilimfundisha kijana hatua zake za kwanza na bado isipate kitu.

Mawakala na wafadhili

Tangu Oktoba 2023 wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na majina yao yako kwenye orodha iliyo wazi. Mtazame kwanza huko. Wakala wa kweli hulipwa kutokana na mkataba unaosainiwa, kwa hiyo anayemwomba mzazi auze ng'ombe ili agharamie pasipoti na majaribio ya Ulaya aondoke mikono mitupu. Ofa yoyote ya majaribio ije kwa barua ya klabu yenyewe, na uipigie klabu hiyo kwa namba uliyoitafuta wewe.

Na tajiri aliyenunua jezi akidai nusu ya kijana, mweleze kwa heshima kwamba tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki sehemu ya ada ya mchezaji. Apewe shukrani, tangazo kwenye jezi, au kiti katika kamati.

Kabla ya kutaja bei

Weka mezani vitu sita: cheti cha kuzaliwa, daftari la mechi, mkataba, taarifa ya daktari, namba ya usajili ya FUFA au FKF, na jina la mnunuzi pamoja na namna atakavyolipa. Kimoja kikikosekana, kipate kwanza, hata kama dirisha la usajili litakupita. Kisha muite kijana na mzazi wake, waone kila karatasi na kila tarakimu. Ni miguu yake na ni miaka yake inayouzwa, na ana haki ya kujua bei yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama klabu yako bado haina usajili wa kielektroniki wa vijana wa miaka 12 na kuendelea, nenda ofisi ya chama cha soka cha wilaya au kaunti wiki hii uuanzishe.